Kisa cha dawa za minyoo Busia: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii ndani ya jaribio moja

Fomu za kupandishwa cheo vyuoni huwa na visanduku vitatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia jamii. Mhadhiri wa uchumi hujaza kila kimoja kivyake, na cha tatu aghalabu hujazwa mwishoni, kwa hotuba moja na vikao vichache vya kamati. Kisa tunachokichambua hapa kilikwenda njia nyingine. Ni mradi wa kuwapa dawa za minyoo watoto wa shule 75 za msingi katika tarafa za Budalang'i na Funyula, kusini mwa iliyokuwa Wilaya ya Busia, magharibi mwa Kenya. Ulianza mwaka 1998 na kuwafikia wanafunzi zaidi ya 30,000. Wanauchumi wawili ndio walioutathmini: Michael Kremer, na Edward Miguel ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa uzamivu Harvard. Makala yao ilitoka katika jarida la Econometrica mwaka 2004. Mwaka 2019 Kremer alitunukiwa Nobeli ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Matokeo ya utafiti huo yametajwa mara nyingi. Kwa maoni yetu, yanayofaa kuchunguzwa zaidi ni maamuzi madogo ya kazini: nani apewe dawa kwanza, mahudhurio yapimwe vipi, mzazi aweke saini wapi, na data zikae kwa nani. Humo ndimo huduma kwa jamii ilipogeuka utafiti, au ilipokaribia kuuharibu.

Kabla ya minyoo, vitabu

Kremer alifika Kenya kwanza kama mwalimu. Baada ya shahada ya kwanza alifundisha sekondari eneo la Kakamega kwa mwaka mmoja, akashiriki kuanzisha shirika la WorldTeach mwaka 1986, kisha akarudi masomoni na kumaliza uzamivu mwaka 1992. Mwaka 1993 alichapisha makala mbili kubwa za nadharia, moja kuhusu uzalishaji na nyingine kuhusu ongezeko la watu duniani. Wasomi wachanga wanaotamani kazi ya uwandani waiangalie tarehe hiyo. Jaribio la Busia lilianza 1998, rasimu ikasambazwa 2001, na makala kamili ikatoka 2004. Miaka sita hiyo inatosha kumkosesha mhadhiri mpya ajira ya kudumu. Kremer aliweza kusubiri kwa sababu makala zake za nadharia zilikuwa zimekwisha kumpa nafasi.

Katikati ya miaka ya 1990, rafiki yake aliyekuwa akifanya kazi na shirika la misaada la ICS alimweleza kuwa shirika lilitaka kuchagua shule za kusaidia. Ushauri wa Kremer ulikuwa mwepesi kuutamka: orodhesheni shule nyingi kuliko mnazoweza kusaidia kwa mwaka mmoja, mzigawe kwa nasibu, mwanze na baadhi, nyingine zifuate. Shule zinazosubiri ndizo zitakazokuwa kundi linganishi.

Jaribio la mwanzo lilikuwa la vitabu. Kati ya shule 100, shule 25 zilipewa vitabu vya kiada mwaka 1996. Wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wakifanya vizuri, na sababu ilikuwa ndani ya vitabu vyenyewe: viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu baada ya lugha ya mama na Kiswahili. Likafuata jaribio la chati za ukutani katika shule 178. Ukilinganisha tu shule zenye chati na zisizo nazo, bila upangaji wa nasibu, chati zinaonekana kuongeza alama. Ukizigawa kwa nasibu, faida inatoweka, maana shule yenye chati huwa na mambo mengine mengi mazuri ambayo hesabu ya kawaida haiyaoni. Majaribio hayo mawili ni onyo kwa anayeingia kwenye suala la minyoo.

Muundo wa jaribio

Shule 75 zilipangwa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilianza kupewa dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Hakuna shule iliyonyimwa moja kwa moja, na utaratibu huo ndio uliowezesha kuzungumza na wazazi na walimu wakuu bila aibu, kwa kuwa bajeti na watumishi wasingetosha kuzifikia shule zote kwa mwaka mmoja hata kama utafiti usingekuwepo.

Kwa nini kugawa shule nzima badala ya watoto ndani ya shule? Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, hukaa udongoni, kisha humpata mtoto mwingine kwa mikono michafu; ya safura huanguliwa udongoni, na viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya miguu iliyo pekupeku. Ukimtibu Atieno na kumwacha jirani yake wa dawati moja, udongo wa uwanja wao unapungukiwa mayai, na jirani naye ananufaika. Tofauti kati yao itaonekana ndogo, nawe utahitimisha kuwa dawa haina maana. Tafiti nyingi za awali za kitabibu ziligawa watoto ndani ya shule hiyohiyo na zikadharau faida kwa namna hiyo. Faida hizo zinazomfikia hata asiyetibiwa, wanauchumi huziita athari za nje. Mchango mkubwa wa makala ya 2004 ni kuzipima badala ya kuzitaja tu kama kasoro.

Dawa zenyewe zilikuwa mbili. Shule ambazo zaidi ya asilimia 50 ya watoto walikuwa na minyoo ya udongoni zilipewa albendazoli kila miezi sita: miligramu 600 mwaka 1998 kwa mwongozo wa Wizara ya Afya, kisha miligramu 400 katika shule nyingi mwaka 1999 kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Zenye kichocho kwa zaidi ya asilimia 30, nyingi zikiwa karibu na Ziwa Viktoria, ziliongezewa prazikwanteli mara moja kwa mwaka, takriban miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mwaka wa kwanza shule zote 25 zilivuka kiwango cha albendazoli, lakini 6 tu ndizo zilizovuka kile cha kichocho.

Vipimo vilifanywa kwa mbinu ya Kato-Katz. Kinyesi hukamuliwa kupitia chujio na kujazwa kwenye tundu la kiolezo linalobeba miligramu 41.7. Kiolezo kikiinuliwa, kinachobaki kwenye kioo hufunikwa kwa selofeni iliyolowekwa gliserini, kisha mpimaji huhesabu mayai kwa hadubini na kuzidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Akichelewa, mayai ya safura huyeyuka machoni na mtoto mgonjwa huandikwa mzima. Katika Kundi la 1, asilimia 92 ya watoto waliopimwa walikuwa na angalau aina moja ya minyoo.

Hapa kuna uamuzi ambao maadili yaliuongoza na takwimu zikalipa gharama. Mwaka 1998 kinyesi kilipimwa katika Kundi la 1 peke yake. Kumpima mtoto, kumkuta mgonjwa, kisha kumwambia asubiri hadi mwaka ujao kulionekana kinyume cha maadili. Kwa hiyo hakuna kipimo cha awali cha minyoo kwa makundi mengine mawili, na hadi leo mhakiki anaweza kuuliza: mlijuaje kuwa makundi yalikuwa sawa tangu mwanzo? Jibu linalopatikana ni la vielelezo vingine tu, kama alama za mitihani na hali za nyumbani. Tunaona uamuzi ulikuwa sahihi. Anayepanga kazi ya namna hii ajue mapema kwamba swali hilo litamfuata.

Kasoro nyingine ingeweza kuepukwa bila gharama. Upangaji haukuwa wa bahati nasibu kamili. Shule ziliorodheshwa kwa alfabeti ndani ya kila eneo, kisha zikahesabiwa moja, mbili, tatu. Alfabeti haina uhusiano wowote na minyoo, lakini wahakiki wa afya ya jamii waliuita upangaji wa nusu-nasibu na wakaushusha daraja. Kutumia namba za nasibu kungeondoa mabishano yote hayo.

Kuhesabu watoto waliopo

Rejista ya mwalimu haiaminiki kwa kazi hii. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi huijaza kwa mazoea, na shule yenye mfadhili ina sababu ya kuonyesha mahudhurio mazuri. Kwa hiyo makarani wa utafiti walifika shuleni bila kutoa taarifa, mara kadhaa kwa mwaka, na kumtafuta kila mtoto aliye kwenye orodha ya mwanzo. Aliyeacha shule alihesabiwa kuwa hayupo. Kama angefutwa kwenye orodha, shule iliyopoteza watoto wengi ingeonekana ina mahudhurio bora kuliko iliyowashika. Aliyehamia shule nyingine alifuatwa huko kadiri ilivyowezekana. Orodha ilibaki ileile ya mwanzo, na kila mtoto alihesabiwa chini ya shule aliyopangiwa, awe alimeza dawa au hakumeza.

Sharti hilo la mwisho huwashinda wanafunzi wengi wa takwimu. Mwaka 1998 takriban asilimia 78 ya waliostahili walipata dawa, na sababu kuu ya waliobaki kuikosa ilikuwa utoro siku ya kugawa vidonge. Ukiwalinganisha waliomeza na wasiomeza, unalinganisha wahudhuriaji na watoro, halafu unashangaa kuona waliomeza wanahudhuria zaidi.

Wasichana wa miaka 13 na zaidi hawakustahili kupewa dawa, kwa hofu kwamba aliye mjamzito angedhuriwa. Baadhi walipewa hata hivyo, kwa sababu umri wa mtoto shuleni mara nyingi ni wa kukisia.

Saini ya mzazi

Mwaka wa kwanza ridhaa ilikuwa ya jamii: mikutano ilifanyika, wazazi wakaelezwa, na asiyetaka alimwondoa mtoto wake. Kuanzia 1999 Wizara ya Afya ilitaka ridhaa ya maandishi ya kila mzazi, kwa kutia saini daftari lililokuwa shuleni. Waliopata dawa wakapungua. Sababu moja iliyobainika inapaswa kumfikirisha kila anayetoka chuoni kwenda kijijini na fomu zake: mzazi mwenye deni la karo hakutaka kukutana na mwalimu mkuu. Daftari lilikaa ofisini, na ofisini ndiko deni lilikosubiri. Mtoto akakosa kidonge kwa sababu ya madeni ya shule, huku mzazi akiwa hana neno na dawa.

Ridhaa ya mtu mmoja mmoja ni haki, na tunaiunga mkono kabisa. Daftari lingepelekwa kwenye baraza la chifu, sokoni, au nyumba kwa nyumba na karani asiyehusika na karo, saini zingepatikana bila kumdhalilisha mtu.

Elimu ya afya iliambatana na dawa: mihadhara, chati, mafunzo ya walimu. Makarani waliangalia usafi wa watoto, wakaangalia kama wamevaa viatu, na wakawauliza kuhusu kuingia kwenye maji ya ziwa. Hakuna badiliko lililoonekana.

Matokeo na bei

Mapema 1999, asilimia 27 ya watoto wa Kundi la 1 walikuwa na maambukizi ya wastani au makali, dhidi ya asilimia 52 katika Kundi la 2 ambalo lilikuwa bado halijatibiwa. Utoro katika shule zilizotibiwa ulipungua kwa robo. Alama za mitihani hazikubadilika, na waandishi walilisema hilo waziwazi katika muhtasari wa makala, jambo ambalo mtafiti mwenye haraka ya kusifiwa angelificha kwenye jedwali la mwisho.

Mwaka 2001 likaja swali la wafadhili: kwa nini wazazi wasichangie, ili mradi ujitegemee? Kati ya shule 50 za makundi mawili ya kwanza, 25 zilichaguliwa kwa nasibu kutoza ada, wastani wa senti 30 za dola ya Marekani kwa mtoto. Katika shule za bure asilimia 75 walipata dawa. Katika shule za ada, asilimia 18. Watoto wagonjwa zaidi hawakuonekana kulipiwa kuliko wengine. Timu iligundua pia kuwa wazazi waliokuwa na marafiki wengi katika shule zilizotangulia walikuwa wagumu zaidi kukubali dawa, pengine kwa kuwa waliambiwa kuhusu kichefuchefu na maumivu ya tumbo, na kwamba minyoo hurudi. Mwenye akili yake haoni sababu ya kulipa ili udongo wa jirani uwe safi. Kwa mwalimu wa fedha za umma, huu ni mfano bora wa darasani kuliko ule wa mnara wa taa, unaoziongoza hata meli zisizolipa, uliochoka vitabuni.

Kosa ndani ya msimbo

Wahakiki wa London School of Hygiene & Tropical Medicine walipewa data na msimbo wa hesabu, yaani maagizo ya kompyuta yaliyotumika kuchambua data hizo, na mwaka 2015 wakachapisha marudio yao. Walikuta makosa kadhaa, moja likiwa zito. Katika kuhesabu shule jirani za kila shule, ili kupima faida inayovuka kutoka shule moja hadi nyingine, msimbo ulisimama kwenye shule 12 za karibu zaidi. Ndani ya kilomita 3 kikomo hicho hakikudhuru sana, kwani shule 12 zilitosha. Kati ya kilomita 3 na 6 kulikuwa na shule nyingi zaidi ambazo hazikuhesabiwa. Liliposahihishwa, faida kwa majirani wa karibu ilibaki, ila ile ya kilomita 3 hadi 6 haikuweza kuthibitishwa tena. Kupungua kwa utoro katika shule zilizotibiwa kulibaki pia.

Mwaka huohuo mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za afya, yalihitimisha kuwa kuwatibu watoto wote kwa pamoja hakuboreshi, kwa wastani, lishe, damu, wala matokeo ya shule. Mabishano yakawa makali. Kiini chake ni kwamba wastani huo unachanganya maeneo yenye minyoo michache na yenye mingi, wakati Busia ilikuwa na asilimia 92. Anayeitumia Busia kutetea dawa mahali penye asilimia 15 anaivuta data kuliko inavyoweza kufika. Anayetumia wastani wa dunia kuizima Busia naye anakosea.

Kwa hadhi ya kitaaluma, jambo kubwa ni kwamba waandishi walikabidhi faili kwa watu waliokusudia kulikosoa, kisha wakalichapisha na mwongozo wake mwaka 2014. Miguel amegeuza suala hilo kuwa sehemu ya ufundishaji wake: ni miongoni mwa walioanzisha kituo cha uwazi wa utafiti huko Berkeley mwaka 2012, kinachofundisha kusajili mpango wa uchambuzi kabla ya kuona data na kuandika msimbo ambao mgeni anaweza kuuendesha.

Kuwatafuta tena

Watoto wale walikua, wakahamia Nairobi, Mombasa na Uganda. Kuwatafuta wote ni ghali, na kuwaacha waliohama ni hatari, kwani anayehama huenda ndiye aliyefaulu. Timu ilifuata mfumo wa awamu mbili: kwanza kila aliyeweza kupatikana kwa juhudi za kawaida, kisha robo ya waliobaki, waliochaguliwa kwa nasibu, wakatafutwa kwa juhudi zote, nao wakapewa uzito mkubwa zaidi katika hesabu ili kuwawakilisha wenzao. Miaka kumi hivi baadaye, wanaume waliotibiwa walikuwa wakifanya kazi saa nyingi zaidi kwa asilimia 17 kwa wiki, na wanawake walikuwa wameingia sekondari zaidi kwa takriban robo. Miaka 20 baadaye, kwa makala ya 2021, waliopata miaka miwili hadi mitatu zaidi ya dawa walikuwa na matumizi ya juu kwa asilimia 14 na kipato kwa saa cha juu kwa asilimia 13.

Wanafunzi wa uzamivu nao walikulia humo. Miguel na Mary Kay Gugerty walitumia shule za Busia na Teso kuuliza swali jingine kabisa: mchanganyiko wa makabila unaathiri vipi michango ya wazazi kwa shule? Msimamizi mwenye mradi wa uwandani anaweza kumpa mwanafunzi swali lake mwenyewe juu ya shule zilezile, badala ya kumfanya karani wa swali la mkubwa.

Lipo pengo, na linatuuma. Makala ya 2021 ina waandishi watano, na hakuna hata mmoja wa chuo kikuu cha Kenya, ingawa Maseno na Masinde Muliro viko karibu na shule zenyewe. Faili la 2004 liko wazi, na linaweza kuingia katika kozi ya uzamili muhula huu. Zoezi la kuanzia: linganisha mahudhurio ya makundi kwa mwaka 1998 peke yake, kisha 1999 peke yake, kisha kwa pamoja, uone namna ya kugawa miaka inavyogusa hitimisho. Hesabu kosa sanifu, yaani kiasi ambacho makadirio yanaweza kuyumba kwa bahati tu, mara mbili, kwanza kana kwamba kila mtoto kati ya 30,000 alipangwa peke yake, halafu kwa kutambua kwamba vilivyopangwa ni vitu 75 tu, yaani shule. Mwanafunzi akiona jinsi uhakika wake unavyopungua kati ya hesabu hizo mbili, mwache aandike kurasa mbili za kumweleza mwalimu mkuu wa Budalang'i kilichobaki kuwa kweli.